Mstari wa Tatu

Kila asubuhi mtangazaji alisoma redioni matukio ya siku kama ya leo. Leo mstari wa tatu ulimhusu mdogo wake: tarehe hii, miaka kumi iliyopita, mwanamke wa kwanza aliendesha treni kuvuka daraja kubwa. Waliiomba kazi ile pamoja, ila yeye macho yalimwangusha kwenye vipimo.

Alisoma tukio la kwanza, akasoma la pili. Kidole gumba kikaufunika mstari wa tatu, ukucha ukawa mweupe kwa kukandamiza. Akaweka muziki.

Simu ikaita.

"Dada, umeme umekatika hapa kwa mama! Umeshanitaja?"

"Nimekutaja."

Nyuma ya mdogo wake, mama akapiga vigelegele.