Vidonge vya Mafuta ya Samaki

Kila asubuhi Nyamvula alilamba kijiti cha kupimia. Kikigeuka chekundu, homoni ya msongo imezidi mwilini, na hapo alimeza vidonge vya mafuta ya samaki mpaka kirudi kijani. Ndiyo sheria: mzazi mwenye kijiti chekundu halali nyumba moja na watoto wake. Tangu mama yake augue, kijiti kiligeuka chekundu kila kulipokucha, naye akawa anavibugia vidonge kama njugu, hoi kwa uchovu, asije akanyang'anywa mwanawe, Kadzo.

Mama akafa. Wanawake wakajaa uani, wakaketi mikekani, kimya. Kwao hakuna anayelia kabla binti mkubwa wa marehemu hajaangua kilio, na binti mkubwa ndiye yeye.

"Anza, mwanangu," shangazi yake, Mbodze, akamnong'oneza. "Wenzio wanakungoja wewe."

Nyamvula aliutazama mwili wa mama yake. Alijua amekufa, kama ajuavyo kwamba sukari imekwisha kabatini. Akafumba macho, akafungua kinywa, akajikamua. Kilichotoka ni mcheuo wenye harufu ya samaki.

"Ni vidonge vinavyonizuia kulia, shangazi," alisema. "Nilivimeza kwa ajili ya mtoto."

Wanawake wakainamisha vichwa, na mmoja akaanza kujifunga leso aondoke.

Kadzo akamvuta mkono. "Mama, kwani bibi hatukumpenda?"

Nyamvula akampakata, na moyo wake ukaendelea kudunda polepole, shwari kabisa.