Antena ya Upande wa Kilima

"Ni ile antena ya upande wa kilima, mkuu. Imegeuka tena. Watu wa bondeni hawapati mawimbi."

Mume alikuwa nje, anaongea na simu. Mkewe alikuwa anakunja nguo za watoto karibu na dirisha la jikoni, anamsikia. Akasimamisha mkono. Antena hiyo hiyo. Jana ilikuwa hiyo, na juzi ilikuwa hiyo.

Miaka yote aliyoishi na fundi wa minara ya simu alikuwa ameyaokota maneno ya kazi ile kidogo kidogo, kama mtu anavyookota punje sakafuni. Alijua kwamba simu zikizidi kwenye mnara mmoja huitwa msongamano. Alijua kwamba masafa ya mnara huu yakiingiliana na ya mnara ule, watu husikia makelele badala ya sauti. Lakini antena isiyopona, hiyo alikuwa hajawahi kuisikia.

Zamani mumewe akipigiwa simu ya kazini ameshafika nyumbani, alikuwa ananuna. "Hawa watu hawana kwao?" Siku hizi alizipokea anatabasamu. Ghafla anapeleka mkono mfukoni, anasema, "Kazini hao wananipigia," anatoka mpaka kwenye kamba ya nguo, anaipa nyumba nzima mgongo, ndipo anaongea.

Na si hilo tu. Gari la kazini halikumshusha tena getini. Alitokea kona ya mtaa kwa miguu. Sare yake, iliyokuwa inarudi na grisi na kutu ya vyuma, sasa ilirudi imenyooka kama ilivyotoka. Mke alipomuuliza, akajibiwa kwamba kazi imekuwa nyepesi.

"Nyepesi!" Wifi yake aliposimuliwa aliitupa bisibisi mezani. Huyu wifi, dada mtu, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, na ulimi wake ulichoma kuliko ile pasi yake ya kuunganishia nyaya. "Mtu apande mnara, arudi ananukia sabuni? Kuna mtu anamfulia huko, wifi yangu. Ni kaka yangu tumbo moja, lakini kwa hili simsitiri."

"Simu yake nimeitazama. Hakuna hata namba moja iliyompigia."

"Anafuta. Asiye na siri anafuta nini?"

"Mbona basi hajaifunga kwa namba ya siri?"

"Afunge nini, kile kisimu cha vitufe? Mtu wa mitandao mzima, simu yake haijawahi kuonja intaneti!"

Wakacheka kidogo. Kisha mke akaacha kucheka, akajifuta macho kwa kiganja.

Wifi akamvutia kigoda. Akamfundisha jambo moja tu, kuelekeza simu. Unashika simu ya mwenzako, unabonyeza nyota mbili, tarakimu za amri, nyota tena, namba yako wewe, unamalizia na alama ya reli. Kuanzia hapo, yeyote atakayempigia mumeo, kwake haitalia. Italia kwako.

"Wewe pokea, nyamaza, sikiliza. Huyo mwanamke atajitaja mwenyewe."

Mke alikuwa ameshaamua. Mfuko wa nguo za watoto ulikuwa chini ya kitanda, umefungwa. Akisikia sauti ya mwanamke, kesho analala kwa mama yake, na ndoa imeishia hapo.

Siku ya pili yake mume alirudi jioni, akatundika suruali, akaingia kuoga. Mke akaichomoa simu mfukoni. Alikosea tarakimu, akafuta, akaanza upya. Kwenye kioo ukaja ujumbe mfupi kwamba simu zimeelekezwa. Akairudisha simu mahali pake na kukaa, simu yake mwenyewe mapajani, chini ya mtandio.

Wifi naye alikuwa amefika, amejikalia kama mgeni wa kawaida.

"Dada, leo umepotea njia?" mume aliuliza, huku anavuta kiti.

"Nimekuja kumwona wifi yangu. Wewe hiyo sura nimeitazama tangu utotoni, imenichosha."

Akacheka. Akanywa chai, akamsifu aliyeipika. Mke hakumwangalia usoni. Alikuwa anaangalia mfuko wa ile suruali, ambayo mume alikuwa ameivaa tena.

Chai haikuisha. Mume aliweka kikombe chini, akapeleka mkono mfukoni haraka.

"Kazini hao wananipigia. Samahani, mama watoto."

Akatoka. Wanawake wakatazamana. Mke akaufunua mtandio, kidole tayari kwenye kitufe cha kupokea.

Simu yake ilikuwa kimya. Kioo kilikuwa giza.

Nje, sauti ya mumewe ilikwisha kuanza. "Ndiyo, mkuu. Nakusikia vizuri kabisa."

"Umekosea kubonyeza," wifi alinong'ona.

"Sijakosea. Imejibu kwamba imekubali, nimesoma kwa macho yangu."

"Basi kagundua, kaiondoa. Kaka yangu huyo ni fundi, usimchezee. Ngoja tuone."

Wifi akatoa simu yake, akalitafuta jina la kaka yake, akapiga. Wote wawili wakageukia dirishani, wamsubiri ashtuke, aitoe simu sikioni na kuitazama.

Hakushtuka. Simu iliyolia ni ile ya mapajani mwa mke, na kwenye kioo chake lilikuwa jina la wifi.

Waliitazama ikilia. Basi hakuna aliyempigia mume, si mwanamke, si kazini. Hakuna aliyeipokea, hakuna aliyeikata.

Kwenye kamba ya nguo mume alicheka kwa furaha, akahamishia simu sikio la pili. "Hapana, mkuu, hujanisumbua hata kidogo. Nipigieni wakati wowote."