Tisa Waliobaki

Ilipofika saa tatu asubuhi, Mashavu alikuwa amekwisha kuwahamisha wagonjwa arobaini. Kundi lao la wenye maradhi ya figo lilikuwa linaacha mtandao wa zamani, na kwenye jukwaa jipya kila mtu aliingia kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake mwenyewe.

Kule kwenye mtandao wa zamani walibaki tisa, wote marehemu. Kundi lilikuwa na desturi mbili tu: kila asubuhi kila mtu aandike "Nimeamka," na anayefariki asifutwe jina.

"Dada, funga huko," msaidizi wake, Kibwana, alimwambia kwa simu. "Watu wanasalimia huku na huko, tunapotezana."

"Nipe dakika tano, mdogo wangu."

Akafungua droo, akatoa simu ya marehemu mumewe, Hemedi, mmoja wa wale tisa. Miaka miwili alikuwa akiichaji na kuitia vocha bila kujua anaiweka ya nini. Akaomba namba ya siri. Simu ikatetemeka kiganjani mwake. Akaziandika tarakimu sita polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Hemedi amejiunga."

 Waliomzika waliona, na hakuna aliyethubutu kuandika neno. Kisha mama mmoja, mgeni wa wiki ile, akaandika: "Karibu kaka Hemedi. Umeamka salama?"

Mashavu aliishika ile simu kwa mikono miwili. Kioo kikaanza kufifia. Akakigusa kisizime. Kikafifia tena, akakigusa tena.