Mke wa Kwanza wa Ndaki

Verdiana alikuwa anachagua dagaa sokoni Mpanda aliposikia jina la mumewe likitoka kwenye spika ya Shadrack. Aliyelitaja alikuwa mwanamke.

Shadrack alikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti na mdomo usiojua kupumzika. Redio yake ilikuwa inakimbiza kanda tangu alipoifungua mwenyewe kuitengeneza. Hata kwaya ya wazee wa parokia, ikipigwa pale, ilitoka na sauti nyembamba kama watoto wa komunyo ya kwanza. Watu walishazoea. Mwaka ule wa tisini na sita, nani angepanda treni hadi Tabora kufuata nyimbo?

Asubuhi hiyo abiria mmoja wa treni alimwachia kaseti ampe Ndaki wa Kawajense. Ampe, si aipige. Lakini Shadrack, jamani! Eti alitaka kujua kama ni muziki mpya. Alipokuta ni mwanamke anaongea Kisukuma, akaongeza sauti. Na kwa kuwa wengi pale walikuwa Wafipa na Wapimbwe, akawa anaisimamisha kila baada ya maneno machache ili awatafsirie.

“Anasema, Ndaki, mume wangu, umeniacha mpweke!”

Soko likacheka.

“Anasema, tulilala kitanda kimoja, leo nakumbatia blanketi! Huko umepata mwingine, wala sina wivu, ila mwambie mimi ndiye wa kwanza!”

Watu wakapiga makofi. Mama Leodgar, muuza dagaa, hakucheka. “Wewe Shadrack, kaseti ya mtu ni barua yake. Si umngoje mwenyewe?”

“Mama, barua tamu hivi tule wote!” Akabonyeza tena. “Anasema, njoo nikuone. Ukichelewa hutanikuta.”

Hapo mtu mmoja akamwona Verdiana, akamgusa mwenzake. Wengine wakanyamaza kwa aibu, wengine wakazidi kucheka. Verdiana alikwenda moja kwa moja hadi kibandani akanyoosha mkono.

“Shemeji, nilikuwa natania tu,” Shadrack alisema, akimpa kaseti.

“Unatania na nani? Na mimi?”

Verdiana akashika njia ya nyumbani. Alikuwa Mpimbwe wa Mamba, ameolewa kanisani kwa pete na Msukuma wa Maswa aliyekuja na ng'ombe, mbele ya ndugu waliomwambia, huyo mtu hujui alikotoka ameacha nini. Sasa amejua. Aliogopa kuliko alivyokasirika. Ndaki akienda Maswa kwa huyo mwanamke, je, akinogewa? Atabaki yeye na Angela mgongoni, na wale ndugu wakisema, si tulikwambia.

Redio yao ndogo ya nyumbani ilikuwa na betri mpya. Verdiana aliitazama, kisha akaitazama kaseti. Kuisikia tena sauti ile, hapana, asingeweza. Akaitia kaseti kwenye moto wa jikoni, ikanuka nyumba nzima.

Jioni Ndaki alirudi kutoka Litapunga kwenye ng'ombe wake, vumbi hadi kwenye kope.

“Mama Angela, hakuna mzigo wangu ulioletwa na treni?”

“Mzigo gani?”

“Sijui. Salamu tu, kutoka Maswa.” Akatabasamu peke yake. “Huwa hazikosi wakati huu.”

Kumbe huwa hazikosi! Verdiana aliinamia sufuria. “Hakuna,” alisema, akampakulia ugali.

Siku zilizofuata alikoma. Bombani wanawake walikuwa wakigombania foleni, mmoja anapaza sauti, “Mimi ndiye wa kwanza!” na wote wanaangua kicheko. Watoto wadogo, ambao hawakuwapo hata sokoni, walishayajua maneno yote. Ndaki, aliyekuwa akishinda Litapunga, aliuliza mara moja, “Hivi watu wa mtaa huu wananicheka nini?” Verdiana akasema hajui. Mambo kama hayo mwenyewe huwa wa mwisho kuambiwa.

Mbaya zaidi, Ndaki alikuwa mpole kwake kuliko kawaida. Alimpokea mtoto, alimchotea maji. Verdiana aliona ni dhambi inayomsumbua. Kila treni ilipopiga honi alishtuka, akimwona huyo mwanamke akishuka, mchanga, mrembo, na sauti yake nyembamba.

Aliyeshuka ni Masele, binamu yake Ndaki. Aliingia uani mchana, kichwa kimenyolewa kipara, viatu mkononi. Verdiana alimletea maji, akayaweka chini bila kuyanywa.

“Kulikoni?” Ndaki alisimama. “Mbona umenyoa?”

“Kaa kwanza, ndugu yangu.”

“Sema tu.”

Masele alifuta uso kwa kiganja. “Tumemzika bibi yetu.”

Ndaki alikaa chini, palepale kwenye vumbi.

“Alikataa kula,” Masele aliendelea. “Tukimpa uji anasema, ngojeni mume wangu Ndaki afike, ndiye atanilisha, nilimlea mwenyewe kitandani kwangu. Tulimshikia redio akaongea, maana alisema ukisikia utani wake utakuja mbio. Mpaka anakata roho macho yapo mlangoni.” Akachuchumaa mbele yake. “Ndaki, hata baada ya kaseti ile, ulishindwa kuja?”

Ndaki aliinua uso, akamtazama Masele, kisha mkewe.

“Kaseti gani?”