Landrova la Kusukuma Tope

Teke la kwanza mzee Mbonile alilipiga tairi. La pili aliipiga buti ya mvua iliyochomoza chini ya Landrova.

"Bado tu?" alifoka. "Mama yako anakufa humo ndani, wewe umejilaza hapo kama uko kitandani kwako."

Buti ilijivuta kidogo. Mlio wa spana ukaendelea.

Hapo ndipo hasira zilipompanda zaidi, maana Anyosisye hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwanawe huyo ukimwambia moja, anakurudishia mbili. Leo amekuwa bubu. Mzee aliona ni dharau tupu.

Mvua za El Nino zilikuwa zimeporomosha nusu ya mlima juu ya barabara pekee ya kutokea Mbebe. Hakuna gari lililoweza kupita mpaka tope lile liondolewe, na hakukuwa na wa kuliondoa ila Landrova la Mbonile. Alilinunua mali za shirika moja la umma zilipopigwa mnada, likiwa zee tayari, akalifunga mbele bapa la chuma lililokatwa kwenye greda bovu. Kila masika lilisukuma tope, na kila masika liliharibika. Safari hii ilikuwa stata. Kulisukuma ili liwake haikuwezekana. Lilizimika hapo hapo barabarani, chini ya nyumba, pua ikitazama kifusi, matairi yamezama.

Ndani, mkewe Ruti alikuwa amejikunja kitandani, hata maji hayakai tumboni. Mganga wa zahanati alikuwa amesema tumbo lile ni la kupasuliwa, afikishwe hospitali haraka, la sivyo wajiandae. Jana jioni Mbonile alimpa Anyosisye agizo moja tu: asubuhi amkute chini ya gari.

Ufundi wenyewe wa Anyosisye ulimchosha mzee. Kila gari lilipomshinda, kijana alikumbuka kiu. Aliacha spana chini, akaenda nyumbani kwake kunywa maji, kisha akarudi anajua hasa kilichoharibika. Mzee aliwahi kuuliza mbele za watu ni kiu gani hiyo inayofungua akili, watu wakacheka, Anyosisye akanuna wiki nzima.

Mke wa Anyosisye ndiye aliyemkera zaidi, ingawa hakuwahi kumwona uso. Mila za pale hazina mchezo: mke wa mwana hakutani na baba mkwe, wala hasemi naye. Fides akisikia kikohozi cha mzee, anatoweka. Mbonile alichojua ni kwamba msichana huyo amekulia Mlowo, kwenye kelele za malori, na kwamba tangu aolewe hajashika mimba.

Asubuhi ile Ruti alimshika mkono kabla hajatoka.

"Baba Anyosisye," alisema kwa shida, "huyo aliye chini ya gari usimfokee. Niahidi."

Mzee hakuahidi. Aliona mama anamdekeza mwanawe hata akiwa mahututi.

Sasa alisimama mvuani, akamwaga yote. Alisema amezaa mlevi wa komoni, mvivu asiyefaa kurithi hata jembe. Alisema wenzake Anyosisye wanajenga nyumba za bati huko Tunduma, yeye kazi yake kunywa maji. Buti hazikutikisika. Kimya kile kilimchoma, akalitoa na lile lililokuwa limemkaa moyoni siku zote.

"Tangu umlete huyo binti wa Mlowo hujawa mwanamume. Nyumba yako haijasikia mtoto akilia. Mama yako apone asipone, mkeo arudi kwao. Simtaki."

Spana ilisimama. Kisha spana ikaendelea, taratibu, na baadaye stata ikagongwa mara mbili.

Ilikuwa ishara ya kuwasha, na mzee aliijua. Lakini ilimuuma kwamba baba mzima anagongewa chuma, hata neno "washa" hapewi. Akapanda, akazungusha ufunguo. Landrova likakohoa, likatoa moshi mweusi, likawaka.

Aliyekuwa chini alitokea upande wa nyuma, koti la mvua limemfunika mpaka kichwani, akakimbilia mgombani bila kugeuka. Mzee alimsindikiza kwa msonyo. Waliyoanza yangemalizwa jioni.

Alilisukuma tope kwa hasira zile zile. Bapa lilichota, likamwaga bondeni, likarudi kuchota tena. Kila alipokumbuka ule ububu alikanyaga mafuta zaidi, mpaka chesisi ikalia. Alijiambia kwamba Ruti akifika salama, atamtimua Anyosisye pamoja na mkewe, na shamba la kahawa atalilima mwenyewe.

Mchana, tope la mwisho lilianguka korongoni na barabara ikafunguka.

Upande wa pili palikuwa na gari la hospitali, limewasha taa, linasubiri. Mbonile alishangaa ni nani aliyeliita. Mlango wa mbele ulifunguliwa, akashuka Anyosisye, tope limemfika mapajani, anachechemea kwa kutembea tangu kabla ya mapambazuko.

Alilitazama Landrova linavyonguruma. Akamtazama baba yake.

"Kwa hiyo Fides amethubutu kulitengeneza, baba," alisema.