Kilomita Nne

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa tambara, akakichovya tena, akakiinua juani. Oili iling'aa kama asali mbichi ya msituni.

"Bibi, mbona hii bado mpya?"

Dolatbai aliukumbatia mkoba wake. "Mwezi umeisha, baba. Ibadilishe."

"Oili haihesabiwi kwa mwezi. Ni kila kilomita elfu tano." Aliingiza kichwa garini, akasoma kadi aliyoiandika mwenyewe alipobadilisha oili mwezi uliopita, kisha akatazama namba kwenye dashibodi. Midomo yake ilicheza akitoa hesabu. "Umetembea kilomita nne."

Nne. Mbili za kurudi nyumbani mwezi uliopita, mbili za kuja hapa Gongoni leo. Dolatbai alijua fundi naye ameshaipata hesabu hiyo, maana tambara lilitulia mkononi mwake.

Mapema, bibi alipowasili, fundi alikuwa chini ya lori la tumbaku kutoka Usoke, akamwamkia huko huko: "Shikamoo, bibi!" Marahaba ilimtoka Dolatbai ikikwaruza. Leo Jumatatu, mara ya mwisho kusema neno ilikuwa Ijumaa, tena alisema na paka, mwenzake pekee nyumbani.

Fundi alifunga boneti polepole. Akavuta kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, akakipangusa vumbi kwa upande safi wa tambara.

"Kaa, bibi. Habari za nyumbani?"

Dolatbai alikaa, akaunyoosha mtandio wake.

"Hatujambo sote," alijibu.