Pazia la Karakana

"Atakayepiga chafya tena, nje!"

Spana alisema kwa sauti hadi mabati ya karakana yakajibu. Nyuma ya pazia pakawa kimya. Gia, aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akacheka.

"Jamani, chafya nayo imekosa nini?"

"Chafya ina sauti. Na sauti ina mwenyewe."

Pazia lenyewe lilikuwa mashuka mawili ya bweni yaliyoshonwa pamoja, na wazo lilikuwa la Spana. Klabu ya uhandisi ya chuo chao ilizoea kupokea watu kwa macho. Akiingia mvulana na ovaroli yake, karibu sana. Akiingia msichana, anaulizwa kama amepotea njia. Spana mwenyewe aliulizwa hivyo mara mbili, na walipomchukua, mwaka mzima kazi yake ikawa kuwashikia wenzake tochi. Kijana mmoja anayetembea kwa magongo aliambiwa klabu imejaa kabla hajafika mlangoni.

Basi Spana alipochaguliwa mwenyekiti, akasema yamekwisha. Kila mwombaji atakaa nyuma ya pazia na pampu ya maji iliyofunguliwa vipande vipande, aifunge upya. Hasemi neno. Akihitaji kifaa, anagonga meza. Waamuzi watatu wanasikiliza kazi, kisha wanatazama maji yanavyotoka kwenye mpira uliopitishwa chini ya pazia.

Gia, mwenyekiti aliyemtangulia, alipinga jambo hilo hadi povu likamtoka. Leo alikuwa mwamuzi, pamoja na katibu wa klabu na Spana mwenyewe.

Nafasi ilikuwa moja tu, na baada ya mchujo wa asubuhi walibaki waombaji wawili. Walioshindwa walikuwa wametoka kwa mlango wa mbele. Mdogo wake Spana, binti aliyeomba nafasi hiyo hiyo, hakuwa miongoni mwao.

Kwa hiyo yumo. Meza ya kushoto au ya kulia, lakini yumo.

Spana hakuweza kukaa. Alienda dirishani, akarudi, akaokota nati sakafuni, akaitupa, akaiokota tena. Yule binti alikuwa na mchoro wa pampu ya kukanyaga kwa mguu, ameuchora na kuufuta tangu sekondari, na bila karakana hii ungebaki mchoro. Asubuhi mama yao alikuwa amepiga simu kulalamika: "Mdogo wako ametoka bila kunywa chai, mlango kaubamiza hadi kikombe kimeanguka. Mtoto wa kike gani huyu?" Spana akamtuliza kwamba ni wasiwasi tu.

"Tulia, mwenyekiti," Gia alimchokoza. "Au damu nzito kuliko maji?"

"Ndiyo maana leo tunaamua kwa maji. Anzeni!"

Meza ya kushoto ilianza taratibu. Kifaa kililalia meza kama kimewekwa juu ya mto. Kisha ukasikika mchakacho wa kitambaa: mtu anakifuta kifaa kabla ya kukirudisha mahali pake. Spana akahisi moyo unamruka. Nani mwingine angefanya hivyo? Si yeye aliyemfundisha mdogo wake, kifaa hufutwa kwanza?

Meza ya kulia ilikuwa vita. Nyundo, kishindo, boliti inabiringika sakafuni, nyundo tena.

"Dume hilo," Spana alijisemea moyoni.

Katibu alikunja uso. "Huyu wa kulia anapigana na pampu au anaifunga?"

"Hebu sikiliza vizuri," Gia alisema, na safari hii hakucheka. "Anapiga, anasubiri, anapiga kidogo. Anatafuta mahali ilipokwama. Huyo anajua."

Si ajabu, Spana aliwaza. Ndege wa manyoya ya aina moja, Gia na huyo wa nyundo.

Maji ya kulia yalitangulia. Yalitoka kwa nguvu hadi yakamlowesha Gia viatu, naye akaruka huku akipiga makofi. Ya kushoto yalichelewa, yakaja membamba, yakaendelea hivyo hivyo. Waamuzi wakakutanisha vichwa, wakinong'ona wasisikike nyuma ya pazia.

"Kulia," Gia alisema. "Hata hakuna mjadala."

"Kushoto," katibu akasema. "Haraka haraka haina baraka. Vifaa vya klabu si vya kupigwapigwa vile."

Wakamgeukia Spana. Aliyaona maji, hakuwa kipofu. Lakini alikumbuka mwaka mzima wa kushika tochi, na wale wababe wa nyundo waliomwambia asogee asije akaumia. Akawaza pia sura ya mdogo wake akirudi nyumbani mikono mitupu.

"Kushoto," alisema. "Tumechoka na watu wa mabavu humu ndani."

"Mwenyekiti, tazama maji."

"Nimesema kushoto," Spana alinong'ona kwa ukali.

Gia aliinua mikono. Katibu akatangaza kwa sauti: "Meza ya kushoto imepita, kura mbili kwa moja!" Spana hakumngoja amalize. Alilikamata pazia kwa mikono miwili, akalivuta hadi kamba ikakatika.

Kwenye meza ya kushoto alisimama kijana mrefu mwenye ndevu, anakunja kitambaa chake mara nne, machozi ya furaha yakimlengalenga.

Kwenye meza ya kulia mdogo wake aliweka nyundo chini. Alikuwa na grisi hadi kwenye nyusi. Alijaribu kutabasamu, ikamshinda, akaja akamwegemea Spana begani.

"Usijali, dada," alimnong'oneza. "Ile kura moja, najua ilikuwa yako."